Kurasa Zilizotekwa Msibani

Lidwina wa Majengo hasahau. Wapo watu wanaosamehe kwa sababu wamechoka kukumbuka, yeye hachoki. Kinyongo chake hukitundika darini juu ya moshi, kama wazee wa Maposeni wanavyotundika mahindi ya mbegu ili fukusi wasipate pa kuingilia, na msimu ukifika hukishusha kikiwa kikavu, kizima, tayari kwa shamba. Muulizeni fundi aliyemharibia gauni la komunyo ya kwanza. Yule mzee sasa ana wajukuu, na bado akimwona Lidwina anakuja huvuka barabara.

Mtu wa namna hiyo ndiye Gaspari aliyekwenda kumchokoza. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Gaspari, siku hiyo alikuwa ametoka kunyoa.

Chumba cha kazi cha Lidwina kiko Majengo, katikati ya duka la vitenge na muuza betri za sola. Mlangoni kuna mashine ya kutoa kopi. Ndani kuna meza, na juu ya meza kuna kompyuta anayotengenezea tovuti za watu: wenye gesti, wauza mbao, shule ya chekechea ya masista, na dada Sabra wa Tunduru anayeuza korosho. Usimwite mtu wa steshenari, atakunyoosha hapohapo mbele ya wateja. Yeye ni fundi wa tovuti, na kwa maneno yake mwenyewe hakuna mwingine kuanzia Makambako mpaka mpakani. Sifa anazipenda, tusimfichie. Lakini mtu akijisifu na kazi inaonekana, utamfanyaje?

Ufundi huo aliuanzia kwenye cherehani ya mama yake, aliyekuwa akishona sare za kwaya kule Peramiho. Kwaya nzima kitenge kimoja, mshono mmoja. Mama akitaka kubadili kola hubadili karatasi ya vipimo, wala hakimbizani na waimbaji kanisani na mkasi mkononi. Lidwina alipokutana na tovuti aliona ni jambo lilelile. Ukurasa wenyewe ni kama mtu tu: una maneno yake na picha zake, na umekaa uchi kama ulivyozaliwa. Rangi, ukubwa wa herufi, umbo la vitufe, nafasi ya picha, hizo zote ni nguo, na nguo huandikwa kwenye faili la pembeni linaloitwa faili la mitindo. Juu kabisa ya kila ukurasa, mahali ambapo msomaji haoni, kuna mstari mmoja unaouambia: nenda kavae kule. Mafundi wavivu hupaka rangi kwenye mwili wa kila ukurasa, na siku mwenye tovuti akitaka kijani badala ya bluu, huzunguka ukurasa kwa ukurasa kama mtu anayepukuchua gunia la mahindi kwa kijiko cha chai. Lidwina hakuwa wa namna hiyo. Yeye aliandika faili moja, akaliita sare, akaliweka kwenye nafasi yake mwenyewe mtandaoni, na wateja wote wa mji wakawa wanavaa kutoka huko. Akigusa mstari mmoja huku anakunywa chai, gesti na mbao na korosho hubadilika zote kabla chai haijapoa. Alijivunia jambo hilo kupita kiasi, na kupita kiasi kwake tutakuona.

Gaspari naye alikuwa Mhehe, kijana mwenye mdomo mwepesi, aliyepewa kiti pale mlangoni ili atoe kopi huku akijifunza kazi. Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zao walipigana mpaka wakachoshana, na uchovu huo ukazaa ruhusa ya kutukanana bila kukasirika. Basi kutwa nzima ilikuwa hivyo. Lidwina alimuuliza mbwa wa jirani amemwona wapi mara ya mwisho, maana Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa, naye Gaspari alimjibu kwamba Wangoni walitoka kusini wakiwa na nia ya kufika mbali, ila walipofika Songea miguu ikawauma wakasema hapa panatosha. Wateja walicheka, kopi zikatoka, siku ikaisha.

Kisha shangazi yake Lidwina akafariki, na msiba ukawa nyumbani kwake Maposeni.

Lidwina alikwenda na kompyuta mpakato yake begani, maana kurasa za dada Sabra zilikuwa hazijaisha na mlango wa chumba chake hakuuamini. Watani walifika kwa bodaboda, Gaspari akiwa mbele. Alifanya yote ambayo mtani anatakiwa kufanya: alilia machozi ya uongo, akaigiza jinsi marehemu alivyokuwa akitembea, akalala mlangoni akisema hatoki mtu humu. Halafu akanyakua mfuko wa kompyuta, akakimbilia nao nyuma ya ghala, akapaza sauti kwamba ameteka na wenye msiba wakomboe. Hiyo ni mila. Mtani akiteka kitu msibani, huwezi kumnyang'anya. Unatoa chochote, naye anakirudisha. Familia ilishauriana kwa muda mrefu, kwa sababu jogoo aliyekuwapo alikuwa anapendwa. Mwishowe jogoo akatolewa, mfuko ukarudi, watu wakacheka, na Lidwina mwenyewe akacheka na macho yake yaliyovimba.

Muda ule wa mashauriano, Gaspari alikuwa nyuma ya ghala na kidude cha kuhifadhia mafaili, ananakili.

Haukupita muda akaaga kwa heshima, akafungua chumba chake ng'ambo ya barabara, akitazamana na mlango wa Lidwina. Umoja wa wakulima wa mahindi ulikuwa unatafuta mtu wa kuutengenezea tovuti, kila kijiji na ukurasa wake. George, mwenyekiti wa Umoja, mtu mpole anayependa vitu vizuri, alikuja kwa Lidwina kutoa kopi akiwa na furaha, akamwonyesha kwenye simu kazi ambayo kijana wa ng'ambo ameifanya. Lidwina akatazama. Alizijua fremu zile za picha, zilizopinda pembeni kama kola za mama yake. Alikijua kitufe kile. Kurasa zilikuwa zake kuanzia juu mpaka chini. Korosho tu ndiyo iliyoondolewa, likawekwa hindi.

Alivuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia.

Gaspari alimkaribisha kiti. Hakukana. Hapo ndipo alipomuudhi zaidi, kwamba hakukana.

"Mtani, niliteka, mkakomboa," alisema. "Yule jogoo nilimla mpaka shingo. Sasa unadai nini tena?"

"Jogoo alikuwa wa mfuko."

"Na mlipokomboa mfuko, vya ndani hamkuvitaja. Kosa la nani hilo? Mngoni ana haraka, wakati wote anataka kufika."

Wateja wake wakacheka. Lidwina akarudi zake akiwa ameuma meno.

Alimwendea mjomba wake Otto, mzee wa ukoo aliyesimamia msiba ule na mjumbe wa Umoja vilevile. Alipiga shikamoo, akaeleza yote. Mzee Otto alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia jambo ambalo alikuwa analijua tayari: mtani hana kesi. Ukimshtaki mtani, wazee wanakucheka wewe. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa, na faini ni yako.

"Mtani hujibiwa kwa utani, mlongo, ndugu yangu," alisema mzee. "Kama huna wa kumjibu, meza mate."

Pengine angeyameza. Lakini Gaspari hakuishia kwenye kula. Alitaka na sahani. Dada Sabra aliona kurasa za Umoja zinafanana na zake kama mapacha, akaenda kumuuliza. Gaspari akamwambia, bila kupepesa, kwamba Lidwina ndiye aliyeiga, kwamba yeye alipokaa pale mlangoni alikuwa akimfundisha yule mama kazi, na kwamba kurasa za korosho ni mitumba yake. Neno la namna hiyo Majengo halihitaji miguu. Mwenye gesti akaacha kupokea simu. Masista wakasema watafikiri. Dada Sabra mwenyewe alikuja mpaka mlangoni, hakukaa.

"Lidwina, wallahi sikutegemea," alisema. "Wafanyabiashara wenzangu wanataka tovuti, na mimi ndiye niliyekutaja. Sasa nasubiri uzinduzi wa Umoja, niione kazi ya huyo kijana mbele ya watu. Nikijua nani alimvalisha nani, nitawaambia wenzangu."

Basi ikawa jina. Kurasa angeweza kuandika nyingine. Jina likishaitwa mtumba, unalifulia wapi?

Siku hiyo Lidwina alifungua tovuti ya Umoja kwenye kompyuta yake na kuingia upande wa ndani, kwenye maandishi ambayo msomaji haoni, ili ajipe uchungu vizuri. Akasoma mstari wa juu. Akasoma tena. Kisha akaanza kucheka peke yake, mpaka muuza betri akachungulia.

Gaspari aliiba kurasa lakini hakuiba nguo. Nguo hazikuwa ndani ya mfuko! Kila ukurasa wa Umoja ulikuwa bado unaambiwa: nenda kavae kwa Lidwina. Alipozifungua alikuta zimependeza, akadhani uzuri unakuja na ukurasa kama manyoya yanavyokuja na jogoo. Alibadili maneno, alibadili picha, mstari wa juu hakuugusa kwa sababu hakujua kazi yake.

Hapa ndipo hasira ilipomponza. Hakungoja. Alifungua faili lake la sare, akaweka herufi za waridi juu ya nyekundu, akafanya vichwa vya habari vikubwa kama ng'ombe, akabonyeza kuhifadhi, akakaa mlangoni kusubiri kelele kutoka ng'ambo. Kelele zilikuja, ila zilitokea upande mwingine. Dada Sabra alikuwa anamwonyesha mnunuzi korosho zake pale kwenye simu. Mwenye mbao alipiga. Masista walipiga, wakasema watoto wamelia. Wote si walikuwa wanavaa sare moja? Alitaka kumchoma mwizi akachoma nyumba ya wapangaji.

Alirudisha mambo upesi, akaomba radhi kila mahali, na kila radhi ilimchoma kama pilipili kwenye kidonda, maana sasa hata wasioamini maneno ya Gaspari waliona fundi amechanganyikiwa.

Mtu mwingine angeacha. Yeye alifunga mlango asubuhi, akabandika karatasi kwamba yupo ndani wasigonge, akakaa chini kupanga. Faili la sare lilikuwa limejaa kama sanduku la bibi harusi mzembe. Amri za kitufe kimoja zilikuwa tatu mahali tofauti, zinapingana, na inayosikika ni ile ya mwisho, kama ilivyo kwa mke na mume. Rangi ya korosho ilikuwa imelala na rangi ya mbao. Alianza kuchambua. Mambo yanayowahusu wote, ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari, picha kupungua zinapofika kwenye simu ndogo, aliyaweka kwenye faili lao akaliita msingi. Vitufe, menyu na visanduku vikapata faili lao. Halafu kila mteja akapewa lake dogo la rangi na mapambo: la korosho, la mbao, la gesti, la masista. Akaingia ukurasa kwa ukurasa wa kila mteja, akabadili mstari wa juu, kwanza wakavae msingi, kisha vya pamoja, kisha vyao. Kila alipomaliza mmoja alimjaribu kwenye simu, kwenye kompyuta, akimgeuza kama mama yake alivyokuwa akimgeuza mwimbaji mbele ya kioo. Kazi hiyo alipaswa kuifanya zamani. Uvivu wa sifa ulimzuia. Kisasi ndicho kilichomfundisha usafi.

Alipomaliza, faili la zamani la sare lilibaki na mpangaji mmoja tu. Wengine wote walikuwa wamehama na magodoro yao. Amebaki yule asiyejua kwamba mwenye nyumba amekaa mlangoni na kiberiti.

Sasa hakuwa na haraka. Alilichezea faili lile. Leo vichwa vya habari vya Umoja vinapungua kidogo. Kesho kitufe kinasogea kulia. Keshokutwa picha ya mwenyekiti inakuwa nyembamba kama mwiko. George alimpigia simu Gaspari, na Gaspari akasema ni virusi, vimetumwa na watu wenye wivu. Akawa anapaka rangi kwenye mwili wa ukurasa ili kuzima, ukurasa mmoja, wa pili, vijiji vyote, mgongo umepinda juu ya meza. Lidwina alikuwa anamtazama kutoka ng'ambo akila karanga. Alijua rangi ya mwilini hushinda ya kwenye faili. Alijua vilevile neno la kusisitiza ambalo ukiliandika kwenye faili, rangi ya mwilini nayo hunyamaza. Neno hilo alilihifadhi.

Siku ya uzinduzi, ukumbi wa Bombambili ulijaa. Wakulima wa Maposeni walikuja na baiskeli zao, mzee Otto alikaa mbele na fimbo, dada Sabra alikuja na wafanyabiashara wenzake wakapanga mstari mzima. Lidwina alikaa nyuma kabisa, kompyuta mapajani, mtulivu kama mtu aliyekuja kuungama. Sala ikasaliwa, dua ikaombwa. Gaspari akapanda na suti, akashika kipaza sauti.

Alisema kazi hiyo ameibuni mwenyewe kuanzia uzi mpaka kifungo. Alisema wapo waliomuiga, yeye hatawataja, kwa sababu mtani ni mtani. Watu wakageuka nyuma kutazama. Dada Sabra naye aligeuka, na jicho lake halikuwa la rafiki.

Lidwina akaliandika lile neno la kusisitiza, akabonyeza kuhifadhi.

Gaspari akafungua ukurasa wa kwanza ukutani. Hapakuwa na mahindi, hapakuwa na mwenyekiti. Faili la mitindo linaweza kuficha kila kitu, na linaweza pia kutanguliza maneno mbele ya ukurasa, kazi ambayo mafundi wema huitumia kuweka vinyota na mishale. Ukuta wote ulikuwa mweupe, na katikati yake, herufi nyeusi kila moja kubwa kama mlango:

NGUO HII NI YA LIDWINA. NIMETEKA. MTANI, KOMBOA.

Akafunga, akafungua ukurasa wa Maposeni. Ni hivyohivyo. Akafungua wa bei za mahindi. Ni hivyohivyo. Kila alikokimbilia alikuta maneno yamefika kabla yake. Mzee Otto akasoma kwa sauti, neno moja moja, kama mtu asomaye tangazo la ndoa kanisani, kisha akaanza kucheka mpaka akashikilia benchi. Wazee wakamfuata. Kicheko kikaenda nyuma safu kwa safu.

Damu ilimpanda Gaspari. Akasema huyu mwanamke ameingilia tovuti ya Umoja, aitiwe polisi sasa hivi.

"Umekasirika, mtani?" aliuliza mzee Otto.

Hilo peke yake lilikuwa hukumu, na kila Mngoni mle ndani alilijua. Lakini George hakuwa anacheka. Tovuti ilikuwa ya watu wake, akataka kujua kama kweli Lidwina ameingia na kuharibu. Lidwina akasimama.

"Mwenyekiti, sijagusa ukurasa wenu hata mmoja. Nimechafua nguo yangu mwenyewe, iliyo kwangu, naweza kuifungua hapa muione. Kama kurasa ni zake, kuanzia uzi mpaka kifungo, kwa nini zinakuja kuvaa kwangu?"

George akamtazama Gaspari.

"Astaghfirullah," alisema dada Sabra taratibu. "Kumbe mtumba ni wa nani?"

Hapo Gaspari akakumbuka kucheka. Akacheka sana, akapiga makofi, akasema mtani amemuweza, Wangoni oyee, ataleta jogoo tena mnene kuliko yule. Watu wengine walianza kulegea. Utani umejibiwa, mchezo umekwisha, si ndivyo? Lidwina aliiona huruma inapita kwenye viti, akaikatia njia.

"Jogoo alikuwa wa mfuko. Hapa umekula jina, na jina halikombolewi kwa kuku. Sema nani aliyezishona."

Akasema, kwa sauti ya panya.

"Kipaza sauti si unacho?"

Akasema kwa kipaza sauti. Lidwina hakukaa. Akamuuliza alimwambia nini dada Sabra, na Gaspari akalazimika kurudia uongo wake wote neno kwa neno, mbele ya aliyedanganywa, huku ukutani nyuma yake maandishi yakiendelea kumtaka akomboe. Suti ilikuwa imelowa kwapani. Aliyekuwa na moyo laini aliangalia chini. Lidwina aliangalia mbele, hakutaka limpite hata neno moja. Ndipo akabonyeza, mahindi yakarudi ukutani, na mzee Otto akasema sasa watu wale.

Wafanyabiashara wa dada Sabra walimfuata Lidwina palepale kwenye wali. Dada Sabra alimshika mkono akaomba radhi, na Lidwina aliipokea, ingawa anayemjua angesema aliipokea kama mtu anayepokea kitu cha kuweka. Umoja nao ulimkabidhi kurasa zake. Alikubali kwa sharti moja, na George alilikubali bila kulielewa: rangi zote zilizopakwa kwenye miili ya kurasa wakati wa "virusi", aziondoe aliyezipaka, akiwa amekaa mlangoni kwake.

Kwa hiyo ukipita Majengo wiki hizi utamkuta Gaspari amekaa kiti kilekile cha mlangoni, pembeni ya mashine ya kopi, anafungua ukurasa wa kijiji, anatafuta rangi aliyobandika, anafuta, anahifadhi, anafungua mwingine. Wapita njia wanamsalimia kwa jina la mateka. Juzi alinyanyua kichwa.

"Mtani," alisema, "nimegundua kitu. Kuna amri moja tu. Nikiiandika, inapita kurasa zote inafuta rangi zote kwa mara moja."

"Naijua," alisema Lidwina.

"Unaijua? Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaja Songea."

Lidwina akavuta kiti chake, akakigeuza ili aione vizuri kompyuta ya mwenzake, akafungua pakiti ya karanga.

"Ukurasa kwa ukurasa," alisema. "Umefika kijiji gani?"